Fuateni Maji: Hotuba kabla ya Safari ya Chatsworth

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na sambusa: asalaam alaykum, na habari za jioni.

Kamati imenipa kazi ya kuwaeleza habari za Chatsworth, jumba la makabaila na bustani yake kule Derbyshire, tutakakokwenda Jumamosi. Wamenichagua kwa kuwa riziki yangu hapa Uingereza inatokana na kupanda maua na kukata nyasi, si kwa kuwa nazijua nasaba za makabaila. Na minong'ono nimeshaisikia. Mzee mmoja kanisimamisha pale mlangoni: yaani tutoke Sheffield asubuhi yote ile, tulipe kiingilio, twende tukaangalie nyasi za tajiri? Nyasi si zipo hata uwanja wa mpira? Swali la haki kabisa, mzee wangu. Nitalijibu, ila nitazunguka kidogo.

Ushauri wangu kwenu ni mmoja. Mkishuka kwenye basi, jumba litakuwa mbele yenu, kubwa, la mawe ya rangi ya manjano, na miguu itataka yenyewe kwenda huko. Msiende. Wageni wengi humaliza nguvu zao ndani, vyumba kwa vyumba, picha kwa picha, halafu hutoka nje wamechoka, wakapiga picha mbili za maua na kutafuta chai. Nyinyi pandeni kilimani kwanza. Tafuteni maji yanakotoka, kisha mshuke nayo. Bustani ile yote imefumwa juu ya maji, na mtu anayeianzia chini anaiona kinyumenyume.

Habari za nyumba nazipitia mbio. Mwaka 1549 Sir William Cavendish na mkewe, Bess wa Hardwick, walinunua ardhi ile, na mwaka 1552 wakaanza kujenga. Bess ndiye aliyekuwa na akili ya mambo. Aliolewa mara nne, na kila alipofiwa alitoka na mali zaidi. Mume wake wa nne alipewa kazi ya kumlinda Mary, Malkia wa Scotland, aliyekuwa mfungwa, na kuanzia mwaka 1569 malkia yule aliletwa Chatsworth mara kadhaa. Nyumba ya Bess haipo tena. Miongoni mwa vichache vilivyobaki vya enzi zake ni mnara wa mawindo ulioko juu msituni, ambao mtauona mkiinua macho. Jumba la sasa lilianzwa mwaka 1687 na Duke (cheo cha juu cha makabaila) wa kwanza wa Devonshire, wa ukoo uleule wa Cavendish, likamalizika mwaka 1707. Fedha zilitoka ardhini: kodi za wakulima wa Uingereza, na baadaye wa Ireland, pamoja na migodi, kama ule wa shaba wa Ecton. Niliyataja haya mapema ili mtu asije kuniuliza njiani. Kila jiwe mtakalokanyaga Jumamosi kuna aliyelilipia, na si aghalabu kuwa ndiye aliyekaa kwenye kiti cha velveti.

Sasa turudi kwenye kilima. Nyuma ya jumba, upande wa mashariki, kuna msitu mkali wa kupanda unaoitwa Stand Wood. Ukiupita msitu unatokea kwenye uwanda wa juu, baridi, upepo, hakuna kinachoota zaidi ya vichaka vifupi. Mvua ya Derbyshire mnaijua. Inanyesha pale, ardhi ya tope jeusi inainywa, halafu inaitoa polepole kwa vijito. Watu wa Chatsworth walifanya kazi ya kuvikamata vijito hivyo, wakavichimbia mifereji na mabwawa juu kule, ili maji yakae yanangoja. Hakuna pampu, na hakukuwa na pampu tangu mwanzo. Maji yanashuka kwa uzito wake tu, na kila ajabu mtakayoiona chini inaendeshwa na mteremko ule.

Ajabu ya kwanza ni ngazi za maji, wenyewe wanaziita Cascade. Zilianzwa miaka ya 1690 na fundi Mfaransa aliyeitwa Grillet, Duke akaona ni fupi, akaamuru ziongezwe. Juu yake kuna kibanda cha mawe kilichojengwa mwaka 1703, na maji hububujika mpaka kwenye paa la kibanda, yakamwagika mbele, yakaanza kushuka ngazi ishirini na nne. Msitazame tu, sikilizeni. Ngazi zile hazilingani: nyingine ndefu, nyingine fupi, kingo zake zimechongwa tofauti, kwa hiyo sauti ya maji inabadilika kadiri unavyoshuka. Mtu wa miaka ya 1700 alikaa akafikiria hilo. Na yakifika chini maji yanapotea ardhini, mtadhani yamekwisha. Hayajaisha. Yanaingia kwenye bomba, yanakwenda kurusha chemchemi ya farasi wa bahari iliyopo upande wa kusini wa jumba, kisha yanapita kwenye chemchemi nyingine upande wa magharibi, ndipo yanamwagwa mtoni Derwent. Maji yaleyale, kazi tatu. Bibi yangu angelimpenda fundi huyo; kwake maji ya kuoshea mchele yalikuwa hayamwagwi hovyo.

Niwatahadharishe: mwaka 2022 ngazi hizo zilizimwa kwa sababu zilikuwa zinavuja vibaya, na matengenezo ya mawe ya miaka mia tatu si ya wiki mbili. Mkikuta mafundi na uzio, msinung'unike. Mimi binafsi napenda kuona kitu kama hicho kikiwa kimefumuliwa, maana hapo ndipo unapoona matumbo yake.

Karibu na hapo kuna mti wa bandia, wa metali, unaofanana na mti wa kweli mpaka utakapousogelea. Wa asili ulitengenezwa mwaka 1692 kwa shaba, na matawi yake yalikuwa mabomba. Mgeni anakuja, anashangaa mti, mtumishi aliyejificha anafungua koki, mgeni analowa chapachapa na wenyeji wanacheka. Huo ndio ulikuwa utani wa wakubwa. Victoria, kabla hajawa malkia, alifika mwaka 1832 akiwa na miaka kumi na tatu, na mti huo ulimfurahisha kuliko mengi aliyoonyeshwa. Uliopo leo ni wa baadaye, lakini tabia ni ileile. Watoto, mmesikia. Wazazi, leteni nguo za akiba.

Mzee wangu wa nyasi, sasa nakuja kwako. Miaka ya 1690 bustani ile ilikuwa imepimwa kwa rula: vitanda vya maua vya pembe nne, njia zilizonyooka, mabwawa ya mraba, kila mti umekatwa kama ndevu za Ijumaa. Kisha fasheni ikabadilika. Kwenye miaka ya 1750 na 1760 Duke wa nne akamwita Lancelot Brown, maarufu kwa jina la Capability, kwa sababu kila shamba aliloitwa kuliona alisema lina uwezo mkubwa. Brown akafuta karibu kila kitu. Akayafukia mabwawa, akalainisha miteremko, akaurekebisha mkondo wa mto Derwent, akapanda miti kwa mafungu. Ule uwanda wa kijani mnaouona ng'ambo ya mto, wenye kondoo na mialoni iliyosimama peke yake, ambao mtu yeyote ataapa kuwa ndio Uingereza ya Mungu, umechorwa na mtu, na umechimbwa na vibarua wa koleo na mikokoteni. Hata kijiji kiliingiliwa. Edensor, kijiji cha wapangaji, kilikuwa kinaonekana kutoka madirishani. Nyumba zilizoharibu mandhari zilivunjwa, na kati ya 1838 na 1842 kikajengwa kijiji kipya nyuma ya kilima, kila nyumba na mtindo wake. Nyumba mpya zilikuwa bora kuliko za zamani, hilo nalikubali. Lakini hakuna aliyewauliza wenyewe kama wanataka kuhama.

Na nyasi? Kuna uwanja unaoitwa Salisbury Lawns, kando ya ngazi za maji, uliowekwa wakati wa Brown. Kwa zaidi ya miaka mia mbili haukupewa mbolea wala dawa ya magugu. Unakatwa tu. Matokeo yake si nyasi za uwanja wa mpira. Pigeni magoti, muangalie kwa karibu: kuvu-mwani, maua madogo ya manjano na ya zambarau yasiyofika urefu wa kidole, majani ya kila umbo yamefumana mpaka huwezi kuchomoa moja bila kuvuta jirani yake. Mimi kazini kila wiki naombwa na wateja niwatengenezee nyasi zenye rangi moja kama zulia la msikiti, na kila mwaka wananunua madawa. Kwa hiyo mzee, nyasi zile zinafaa kiingilio. Uje na miwani.

Sasa nifike kwa mtu niliyekuwa namngojea. Mwaka 1811 urithi ulimwangukia Duke wa sita, kijana wa miaka ishirini na moja, ambaye hakuoa maisha yake yote na aliyependa kutumia pesa. Huko Chiswick, magharibi mwa London, Chama cha Kilimo cha Bustani kilikuwa kimepanga ardhi yake, na humo alikutana na kibarua wa bustani aliyezungumza kwa adabu na kufahamu kazi yake. Jina lake Joseph Paxton, mtoto wa kiume wa saba wa mkulima wa Bedfordshire. Mwaka 1826 Duke akampa bustani yote ya Chatsworth. Paxton alikuwa hajatimiza hata miaka ishirini na tatu.

Siku yake ya kwanza ameiandika mwenyewe. Alisafiri usiku kucha, akafika saa kumi na nusu alfajiri, tarehe 9 Mei, hakuna aliyeamka. Akapanda geti, akaruka ndani, akaizunguka bustani yote. Saa kumi na mbili akawapanga watu kazini. Akaomba aonyeshwe chemchemi zikifanya kazi. Kisha akaenda kupata kifungua kinywa kwa msimamizi wa nyumba, Mama Gregory, akamkuta mpwa wake, binti aitwaye Sarah Bown, wakapendana hapohapo. Anasema yote hayo yalimalizika kabla ya saa tatu asubuhi. Mwaka uliofuata wakaoana. Vijana mnaosema mmechelewa basi, mtafakari. Na mjue kwamba baadaye Paxton alipokuwa hashikiki, leo London, kesho kwenye mikutano ya reli, Sarah ndiye aliyekuwa akisimamia hesabu na watu wa Chatsworth. Bila yeye mengi ya mume yasingesimama.

Bustani ya Paxton ilitaka mimea ya dunia nzima. Mwaka 1835 kijana wake mmoja, John Gibson, alitumwa India, akarudi mwaka 1837 na masanduku ya okidi. Wengine wawili, Robert Wallace na Peter Banks, walitumwa Amerika ya Kaskazini mwaka 1838 kutafuta misonobari. Walizama mto Columbia, hawakurudi. Nikipita kwenye misonobari ya Chatsworth nawakumbuka hao wawili, vijana wa kazi yangu.

Na sasa ndizi. Tulieni, hii inatuhusu. Karibu na mwaka 1830 Paxton alipata mche wa mgomba uliotoka Mauritius. Akaupanda kwenye nyumba ya vioo yenye joto, akaupa maji mengi na udongo mzuri, na mwezi Novemba 1835 ukachanua. Mwaka uliofuata ukabeba ndizi zaidi ya mia moja. Hebu fikirini, katika Derbyshire, ambako mimi siwezi kuotesha hata mchicha bila kufunika. Watu wa London walipoziona wakampa nishani, na Paxton akauita mgomba huo *Musa cavendishii*, kwa jina la ukoo wa bosi wake. Cavendish. Nendeni supamaketi yoyote kesho: ndizi za manjano zilizolala pale, zote sawa kama zimepigwa chapa, ni Cavendish. Si mkono wa tembo, si mzuzu, si kisukari. Karibu ndizi zote zinazosafirishwa nje duniani sasa ni za aina hiyo. Miche ya Chatsworth ilichukuliwa na mmisionari John Williams mpaka Samoa mwishoni mwa miaka ya 1830, ikaenea visiwa vya Pasifiki. Simaanishi kwamba kila Cavendish ya leo ni mjukuu wa mgomba ule. Asia walikuwa nazo zamani. Lakini jina lilitoka pale, chini ya kioo kile.

Zamani ndizi ya biashara ilikuwa Gros Michel. Ugonjwa wa Panama, kuvu anayekaa ardhini, uliziangamiza mashambani mwa Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 makampuni yakahamia Cavendish kwa sababu ilikuwa inastahimili. Sasa ametokea kuvu mwingine wa aina hiyohiyo ambaye Cavendish haimwezi. Mwaka 2013 alitangazwa kaskazini mwa Msumbiji, jimbo la Nampula, kusini mwa Mtwara kwa wale mnaotoka huko. Mgomba wa biashara hauzai kwa mbegu, unazaa kwa chipukizi, kwa hiyo yote ni pacha, na anayemuua mmoja anawaweza wote. Waliokulia Bukoba au Rungwe, ambako mtu ana aina kumi za migomba nyuma ya nyumba moja, wanaelewa ninachosema bila kuchorewa.

Niendelee. Kati ya 1836 na 1840 Paxton alijenga nyumba ya vioo ambayo haikuwahi kuonekana mfano wake: urefu mita 84, upana mita 37, kimo mita 20. Ndani palikuwa na minazi ya aina nyingi, migomba, bwawa la samaki, na njia pana ya kupita magari ya farasi. Boila nane zilifukuta chini ya ardhi, na makaa ya mawe yaliletwa kwa reli ndogo ndani ya handaki, ili mgeni asione moshi wala mtu mweusi kwa masizi. Angalieni ustadi huo: joto la kitropiki, na anayelileta amefichwa. Desemba 1843 Malkia Victoria alipitishwa ndani kwa gari la farasi, usiku, chini ya maelfu ya taa.

Kisha kulikuwa na yungiyungi. Mwaka 1849 bustani ya Kew ilimpa Paxton mche wa yungiyungi mkubwa wa Amazon uliopewa jina la Malkia. Kew haukuwachanulia. Paxton akaujengea tangi, akayapasha maji moto, akaweka gurudumu dogo la kuyatikisa maji yasituame, yawe kama ya mtoni kwao, na Novemba mwaka huohuo ua likafunguka. Majani yalikuwa makubwa hivi kwamba alimweka binti yake Annie, miaka saba, asimame juu ya moja, na halikuzama. Akaligeuza jani kutazama chini. Huko kuna mishipa minene iliyotoka katikati kama boriti, na vijiti vyembamba vimeiunganisha. Hakulisahau. Mwaka uliofuata London ilipohitaji jumba la Maonyesho Makuu, Paxton akawaletea mchoro wa jumba la chuma na vioo, na mwaka 1851 Crystal Palace ikasimama Hyde Park, urefu wake zaidi ya mita mia tano. Mtoto wa mkulima akaitwa Sir Joseph.

Nimeruka chemchemi kubwa, turudi kwenye maji. Mwaka 1844 ilisemekana Mfalme wa Urusi, Tsar Nicholas wa Kwanza, atakuja Chatsworth. Duke alikuwa rafiki yake. Alikuwa mjumbe wa Uingereza kwenye kutawazwa kwake mwaka 1826. Duke akataka chemchemi iliyo juu kuliko ya mfalme yeyote. Paxton akapanda uwandani, akachimbisha bwawa la ekari nane, zaidi ya mita mia moja juu ya bustani, na mfereji wa kilomita nne wa kulijaza. Kazi ilimalizwa kwa miezi sita, vibarua wakichimba hata usiku kwa mwanga wa mienge, wakati wa baridi. Bomba la chuma likashushwa kutoka bwawani, na pale chini koki ilitengenezwa ifunguke polepole sana, dakika kadhaa, kwa sababu ukiifungua kwa pupa nguvu ya maji ingepasua bomba. Maji yakaruka mita 90. Tsar hakuja. Alifika Uingereza, akaishia kusini, akarudi kwao. Chemchemi ikabaki na jina la Emperor, na sisi tutakaokuwa pale Jumamosi tutaiona badala ya mfalme yule.

Siku hizi haifiki juu hivyo, na haifunguliwi saa zote, maana bwawa linaisha. Ila ikiwa imefunguliwa, simameni upande upepo unakotoka. Sitasema zaidi. Na tangu mwaka 1893 maji hayohayo yalizungusha mitambo ya umeme iliyowasha taa za jumba, mpaka mwaka 1936; mwaka 1988 mtambo mpya ukafungwa. Chochote utakachosema juu ya makabaila hawa, maji hawakuyachezea tu.

Pesa ikaisha, kama kawaida ya pesa. Duke wa sita aliacha madeni. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, makaa ya mawe hayakupatikana, boila zikazimwa, minazi na migomba ikafa kwa baridi mmoja mmoja. Mwaka 1920 nyumba ile kubwa ya vioo ililipuliwa kwa baruti, na haikukubali kuanguka mara ya kwanza. Kuta zake za chini bado zipo. Katikati yake mwaka 1962 walipanda mzingile, ua wa miti iliyokatwa ya kupotezana njia, na watoto wenu watapotea humo, nawaahidi. Vita ya Pili, jumba lilichukuliwa na shule ya wasichana kutoka Wales, vitanda vikapangwa kwenye vyumba vya wafalme. Mwaka 1950 Duke wa kumi akafariki ghafla, miezi michache tu kabla ya muda ambao ungeliokoa urithi, na serikali ikadai kodi ya mirathi ya asilimia 80. Familia ikauza ardhi, ikatoa picha za thamani, ikaiachia taifa nyumba ya Hardwick. Mwaka 1981 wakaifanya Chatsworth kuwa wakfu. Hapo sihitaji kumfafanulia mtu wa pwani. Mwenye jumba sasa anakaa kama mpangaji, analipa kodi, na tiketi zetu zinakwenda kwenye mapaa na mabomba.

Kuna wanaoona haya kwenda mahali kama hapo. Nimesikia ikisemwa humu ndani: kule si kwetu, watatukodolea macho. Sikilizeni basi. Reli ilipofika Rowsley mwaka 1849, maili chache kutoka pale, watu 80,000 walimiminika Chatsworth ndani ya kiangazi kimoja, wakiwamo wafanyakazi wa viwanda. Na Duke wa sita alikuwa ameamuru kwamba chemchemi zifunguliwe kwa kila mtu anayekuja, bila kubagua. Mtu wa kiwanda cha visu na balozi wa Ufaransa walimwagiwa maji yaleyale. Kwa hiyo ni desturi ya zaidi ya miaka 170, na sisi tunaingia kwenye foleni ileile.

Mipango sasa. Basi linaondoka saa tatu kamili asubuhi mbele ya ukumbi huu, na saa tatu ni saa tatu ya stesheni, si ya harusi. Viatu vya kupandia, si vya kuonyeshea. Koti la mvua hata kama jua linawaka. Pilau inaruhusiwa kuliwa kwenye uwanda ng'ambo ya mto, lakini majani, maganda na mifupa vyote virudi kwenye mifuko yetu, kondoo wale si jalala. Wazee wasioweza kupanda Stand Wood, kuna njia ya tambarare hadi kwenye chemchemi. Nitawapangia kijana mmoja awaongoze. Anayetaka kuingia ndani ya jumba, aingie alasiri, baada ya kilima. Mkirudi, basi litapita Edensor, na kaburi la Paxton lipo uani pa kanisa. Wanaotaka kushuka wataniambia mapema ili dereva asikasirike. Mama Salma ana orodha ya majina na anapokea pesa za kiingilio kuanzia sasa, na watoto wadogo mjiandikishe nao, maana viti vilivyobaki ni vichache. Maswali nitayapokea huko kwenye sambusa, kama vijana wametubakishia.